Powersave haimaanishi masafa ya chini: jibu kwa mwenye steshenari wa Ngamiani

Dada mmoja mwenye steshenari Ngamiani, hapa Tanga, ameniandikia hivi: "Assalaam aleykum, mwalimu. Natumia laptopu ya mtumba yenye Core i5-8250U na Ubuntu kwa kuchapa barua, kusafisha picha za pasipoti na kuwajazia wateja fomu mtandaoni. Feni inavuma mchana kutwa, na umeme ukikatika betri haifikishi saa mbili, ndipo nahamia kwenye inveta. Nilisoma kwamba nikitoa amri sudo cpupower frequency-set -g powersave kichakataji kitatulia. Nimeitoa na haikulalamika, lakini nikitazama masafa bado yanaruka hadi megahezi 3400. Je, amri imeharibika, au kuna zana nyingine iliyo bora? Na kwa nini nikizima na kuwasha mpangilio unapotea?"

Waalaykumu salaam, dada yangu. Amri yako ni nzima na imefanya ilichoagizwa. Kilichokupoteza ni jina, na hukupotea peke yako, kwa sababu neno hilo moja lina maana mbili kutegemea draiva iliyoshika usukani ndani ya mashine yako.

Linux inapotaka kubadili masafa ya kichakataji, yaani kasi ya mapigo yake, hupitia draiva, na kila draiva hufanya kazi na magavana, yaani kanuni za kuamua lini masafa yapande na lini yashuke. Zamani draiva iliyoenea ilikuwa acpi-cpufreq, na chini yake gavana powersave alikuwa na kazi moja tu: kukibana kichakataji kwenye masafa ya chini kabisa na kukiacha papo hapo hata kazi zikirundikana. Mwaka 2013, katika Linux 3.9, ikaingia draiva ya intel_pstate. Kichakataji chako kilitoka mwaka 2017 na kina uwezo wa kujichagulia masafa chenyewe, ndani ya chuma, bila kusubiri kerneli, yaani moyo wa Linux, iamue, uwezo ambao Intel waliuanza na kizazi cha Skylake mwaka 2015. Kwa mashine ya namna hiyo intel_pstate hutoa magavana wawili tu, performance na powersave, na huyu powersave ameshirikiana jina tu na yule wa zamani. Yeye hukiachia kichakataji kipande na kushuka kadiri ya kazi, ila kwa kupendelea kiasi. Kwa hiyo kuona 3400 baada ya kumweka powersave ni jambo la kawaida kabisa, na huenda ndiye aliyekuwapo tangu siku ulipoiwasha laptopu hiyo kwa mara ya kwanza.

Ndiyo maana huwa nawaomba watu waangalie kabla ya kuagiza. Toa amri hii:

sudo cpupower frequency-info

Mstari wa kuusoma kwanza ni ule wa driver. Ukiona intel_pstate, yote niliyoyaeleza hapo juu yanakuhusu. Ukiona intel_cpufreq, ni draiva ileile lakini imeachia uamuzi mikononi mwa kerneli, na hapo utakuta magavana wengi zaidi, akiwamo schedutil aliyeingia katika Linux 4.7 mwaka 2016. Mashine ya AMD iliyo mpya inaweza kukuonyesha amd-pstate, draiva iliyoanza na Linux 5.17 mwaka 2022, au sura yake ya baadaye, amd-pstate-epp. Chini ya hapo utaona mipaka ya chuma, ambayo kwako itakuwa kati ya megahezi 400 na gigahezi 3.40, kisha orodha ya magavana, kisha habari za boost, yaani kile ambacho mafundi magari wetu wangekiita tabo: ruhusa ya kichakataji kupanda juu ya masafa yake ya msingi kwa muda, maadamu joto na umeme vinaruhusu. Ikiwa cpupower itakataa kwa kusema haikupatikana kwa kerneli uliyo nayo, tatizo ni kwamba Ubuntu huifungasha pamoja na kila toleo la kerneli, na tiba yake ni sudo apt install linux-tools-$(uname -r). Na ukikutana na somo linalokuelekeza utumie cpufreq-set, lifunge taratibu. Zana hizo za cpufrequtils zilirithiwa na cpupower tangu Linux 3.1, mwaka 2011, na mengi yaliyoandikwa enzi hizo ndiyo yanayowachanganya watu leo.

Sasa nije kwenye jambo ninalolijali kuliko yote katika swali lako. Wewe unatazama megahezi, na megahezi hazikuambii kinachokula betri. Kinachokula betri ni wati.

Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo mfano tunao barabarani. Mtu anayetoka Ngamiani kwenda Raskazone kwa mwendo wa pole hachoki, lakini akitaka kwenda kwa mwendo maradufu, nguvu ya kupasua upepo peke yake haiongezeki maradufu, inaongezeka mara nane. Kichakataji kina tabia inayofanana na hiyo. Umeme kinaoutumia kikiwa kazini hufuata masafa ukizidisha na mraba wa volteji, na masafa hayapandi juu bila volteji nayo kupandishwa. Ukiongeza vyote viwili kwa asilimia 10, matumizi ya umeme yanaongezeka kwa takribani asilimia 33. Ngazi za mwisho za kupanda, zile za kutoka gigahezi 2.5 kwenda 3.4, ndizo zinazogharimu wati nyingi kwa faida ndogo, na ndizo zinazoifanya feni yako ivume.

Lakini mwendesha baiskeli aliyefika hupumzika, na hili ndilo watu wengi hulisahau. Kichakataji kilichomaliza kazi hulala, na usingizi wake una vina: kutoka C1, ambao ni kusinzia tu, hadi C8 au C10, ambapo karibu kila kitu ndani yake kimezimwa. Kwa hiyo kiini, yaani kimoja cha vitendakazi vilivyo ndani ya kichakataji, kinachoruka hadi 3400 kwa nukta ndogo ya sekunde, kikafungua ukurasa, kikarudi kulala, kinaweza kutumia umeme kidogo kuliko kiini kilichofungwa kwenye 400 ambacho kinahangaika na ukurasa uleule kwa muda mrefu huku skrini, diski na waya wa intaneti vyote viko macho vikikisubiri. Hata kule kutazama kwako masafa kila mara kunakiamsha kichakataji, kikupe namba, na namba unayoipata ni ya kiini ambacho umekiamsha wewe mwenyewe.

Zana inayoonyesha hali halisi ni turbostat, na pale Ubuntu inakuja katika kifurushi kilekile cha linux-tools. Itumie hivi, uiache iendelee huku ukifanya kazi zako za kawaida:

sudo turbostat --quiet --interval 5 --show Busy%,Bzy_MHz,PkgTmp,PkgWatt

Kila baada ya sekunde 5 itakuandikia mistari mipya. Busy% ni sehemu ya muda ambayo kichakataji kilikuwa kazini, Bzy_MHz ni masafa yake kilipokuwa kazini tu, PkgTmp ni jotoridi, na PkgWatt ni wati zinazoliwa na kichakataji kizima. Ukiona Busy% ni 2 na Bzy_MHz ni 3100, maana yake katika kila sekunde 100 kimefanya kazi sekunde 2 na nyingine zote kimelala, na wati zitakuwa chache ingawa namba ya masafa inatisha. Hali ya namna hiyo usiiguse. Ila ukiona hujafanya lolote na Busy% iko 40, hapo hakuna gavana atakayekusaidia. Toa amri top, inayoorodhesha programu zinazokimbia, utafute programu inayokimbia bila wewe kujua, ambayo mara nyingi ni kurasa za kivinjari zilizoachwa wazi tangu mteja wa asubuhi.

Usipopata turbostat, hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwa mkono, na mimi hupenda kila mwanafunzi aifanye angalau mara moja ili aamini. Vichakataji vya Intel tangu mwaka 2011 vina mita ndani yake, na kerneli huionyesha kama faili:

sudo cat /sys/class/powercap/intel-rapl:0/energy_uj

Namba utakayoiona ni maikrojuli. Isome, subiri sekunde 10, isome tena, utoe ya kwanza kwenye ya pili. Tuseme tofauti ni 62,000,000: hizo ni juli 62, ukigawa kwa sekunde 10 unapata wati 6.2. Faili hilo lilikuwa wazi kwa kila mtumiaji hadi mwaka 2020, watafiti walipoonyesha kwamba mtu anayeusoma umeme huo kwa makini anaweza kuchungulia siri zinazochakatwa ndani, na tangu hapo linahitaji sudo.

Ukishapima, ndipo upange. Kwa kazi zako ningeanza na kuizima tabo pale unapotumia betri:

echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo

Dari inashuka hadi masafa ya msingi, ambayo kwa kichakataji chako Intel wameyataja kuwa gigahezi 1.6. Kuchapa barua na kujaza fomu hutaona tofauti ya kukusumbua. Kusafisha picha utaiona, na ukitaka kurudisha andika 0 mahali pa 1. Ikiwa 1.6 ni kidogo mno kwako, iache tabo lakini ukate kilele chake kwa sudo cpupower frequency-set -u 2400MHz, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia ya kati inayofaa ofisi nyingi ndogo, kwa sababu unakata zile ngazi za gharama kubwa bila kuifanya mashine iwe goigoi.

Jambo la pili ni upendeleo wa kichakataji chenyewe. Kwa kuwa chuma ndicho kinachochagua masafa, unaweza kukinong'oneza kipendelee upande gani:

echo balance_power | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu*/cpufreq/energy_performance_preference

Maneno kinayoyakubali ni performance, balance_performance, balance_power, power na default. Amri hii itakukatalia ikiwa gavana wako ni performance, maana gavana huyo hufunga upendeleo wote upande wa kasi. Kwa hiyo ile amri yako ya awali ya powersave haikuwa kazi bure, imekufungulia mlango huu. Nisichokushauri kabisa ni kukibana kichakataji kwenye megahezi 400 kwa -u 400MHz. Mashine itachukua dakika kufungua barua, mteja atasimama kaunta, na betri hutaiokoa kwa sababu niliyoieleza ya usingizi.

Feni yako, hata hivyo, huenda haina kosa linalotibika kwa amri. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, chumba kisicho na kiyoyozi hapa Tanga kinapita nyuzi joto 30 mchana, na laptopu hupozwa na hewa hiyohiyo ya chumbani, haina nyingine. Mwaka jana niliifungua laptopu moja iliyokuwa ikikaa pembeni ya mashine ya fotokopi. Kati ya feni na zile mbavu nyembamba za shaba, pale hewa inapotokea, palikuwa pamezibwa na utando wa kijivu uliochanganyika vumbi la karatasi na la wino, umeshikana kiasi kwamba niliubandua mzima kwa kibano, ukatoka kama kipande cha blanketi. Mwenyewe alikuwa amekwisha kubadili kila mpangilio wa Linux aliousoma. Steshenari ni mahali penye vumbi la karatasi kuliko duka lolote, kwa hiyo kabla ya jingine lolote tazama namba hii:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/package_throttle_count

Hiyo ni idadi ya mara ambazo kichakataji kimejipunguza kasi kwa sababu ya joto tangu ulipowasha mashine. Ikiwa ni 0 jioni baada ya kazi ya kutwa, upoaji wako ni mzuri. Ikiwa inapanda kila ukitazama, na PkgTmp iko jirani ya 100, ambacho ndicho kikomo cha joto cha kichakataji chako, basi mpelekee fundi aisafishe na abadilishe ile pasta inayopakwa kati ya kichakataji na bati la kupozea, kwa maana baada ya miaka hukauka na kupasuka. Umwambie aishike feni kwa kidole anapopuliza kwa bloa, isizunguke kwa kasi isiyoundwa nayo ikaharibu fani zake.

Sasa kuhusu mpangilio kupotea. Yote niliyokuonyesha, yawe kwa cpupower au kwa kuandika katika mafaili ya /sys, yanaishi katika kumbukumbu ya kerneli tu, na ukizima yanafutika. Njia ya kuyadumisha inayokufaa zaidi ni TLP, programu ya kusimamia umeme wa laptopu, kwa sababu yenyewe hutofautisha kati ya kuwa kwenye chaja na kuwa kwenye betri, hivyo huna haja ya kukumbuka lolote. Baada ya kuisakinisha, fungua /etc/tlp.conf na uweke mistari hii:

CPU_BOOST_ON_AC=1
CPU_BOOST_ON_BAT=0
CPU_ENERGY_PERF_POLICY_ON_AC=balance_performance
CPU_ENERGY_PERF_POLICY_ON_BAT=balance_power

Kuna onyo moja: Ubuntu ya mezani huja na huduma nyingine, power-profiles-daemon, ile inayoonyesha chaguo la kuokoa umeme kwenye menyu ya pembeni, nayo hugusa mipangilio hiyohiyo. Mbili hizi zikikaa pamoja, moja inapanga na nyingine inapangua, na utadhani mashine ina wazimu. Chagua moja. Ukichagua TLP, hakikisha ile nyingine imeondolewa au imefungwa kwa sudo systemctl mask power-profiles-daemon.service, kisha uthibitishe kwa sudo tlp-stat -p kwamba uliyoyaandika ndiyo yaliyotekelezwa.

Halafu inveta yako. Laptopu haijui kwamba soketi ulimochomeka chaja ni ya inveta. Kwake yeye ule ni umeme wa ukutani, na TLP itaamini hivyohivyo na kuiachia tabo pamoja na kasi yote, wakati huohuo laptopu ikijaza betri yake kutoka kwenye betri yako nyingine. Umeme huo umebadilishwa mara mbili njiani, kutoka betri ya inveta kuwa wa volti 230, kisha ndani ya chaja kurudi kuwa wa volti chache, na kila badiliko lina upotevu wake. Kwa hiyo umeme ukikatika chomoa chaja kwanza, utumie betri ya laptopu yenyewe, na TLP itahamia upande wa betri bila kuambiwa. Betri ikikaribia kwisha ndipo uchomeke kwenye inveta, na papo hapo utoe amri sudo tlp bat, inayoilazimisha ibaki na mipangilio ya betri ingawa inaona chaja. Umeme wa kawaida ukirudi, toa sudo tlp start na kila kitu kitarudi kuamuliwa chenyewe. Na printa ya leza usiiweke kabisa kwenye inveta ndogo: roli yake ya kuyeyusha wino hula mamia ya wati kila inapopashwa, na wati tatu au nne tunazozipunguza kwenye kichakataji hazitaonekana mbele ya mzigo huo.

Limebaki suala la betri kutofikisha saa mbili. Linganisha namba mbili hizi:

cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full_design /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full

Ya kwanza ni ujazo wa betri ilipotoka kiwandani, ya pili ni ujazo inaoufikia leo ikijaa. Baadhi ya laptopu huandika charge mahali pa energy, na maana ni ileile. Chukua betri iliyoundwa kwa wati-saa 48. Laptopu inayokula wati 12 itaitumia kwa saa nne. Ikiwa namba ya pili imeshuka hadi wati-saa 20, laptopu hiyohiyo itakaa saa moja na dakika 40, hata ukiipanga kwa ustadi gani. Kwa laptopu ya mtumba naona hilo linawezekana sana, na ukikuta namba ya pili iko chini ya nusu ya kwanza, fedha uliyokuwa umeitenga kwa fundi wa programu nunulia betri mpya. Ukishaiweka, na kama laptopu yako inakubali mipaka ya chaji, ongeza katika /etc/tlp.conf START_CHARGE_THRESH_BAT0=75 na STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80, kwa kuwa betri ya lithiamu inayokaa imejaa asilimia 100 kutwa nzima katika joto letu huzeeka mapema. Msimu wa umeme kukatikakatika uiondoe mipaka hiyo kwa sudo tlp fullcharge asubuhi ya siku unayotarajia katizo, ili ikukute imejaa.